Harusi imeharibika, damu inatoka, watu wanacheka: komedi nyeusi ni kitu gani hasa?

Jumapili iliyopita nyumbani kwetu Isevya, hapa Tabora, tulikuwa tumekaa sebuleni baada ya chakula, mdogo wangu akachomeka flashi aliyotoka kujaziwa movie sokoni, kwenye folda limeandikwa KOMEDI tu basi. Movie yenyewe ni ya Argentina, ya mwaka 2014, inaitwa Relatos salvajes, dairekta ni Damián Szifron, ina hadithi sita ndani yake na ya mwisho ni harusi. Harusi nzuri kabisa, ukumbi umependeza, DJ anapiga, watu wanarusha mikono, na katikati ya raha bibi harusi, jina lake Romina, anagundua kwamba mmoja wa wageni walioalikwa, kakaa pale mezani anakula, ndo mwanamke aliyekuwa na mume wake. Kuanzia hapo hakuna tena ratiba. Anamshika yule mwanamke mkono kama anacheza naye, anamzungusha, anamrusha kwenye kioo kikubwa cha ukumbi, kioo kinapasuka, damu, watu wanapiga kelele, alafu bibi harusi anamwambia mpiga video endelea kurekodi.

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Shangazi akanyanyuka, akakunja mtandio wake, akasema hii ndo komedi? Mtu anavuja damu mnacheka? Akatoka nje.

Jioni mabishano yakahamia kwenye grupu la familia la WhatsApp. Mmoja anasema hiyo ni movie ya kutisha imewekwa folda sio yake, mwingine anasema wazungu hawana huruma ndo maana wanachekea maumivu, binamu mmoja akasema aina hiyo inaitwa komedi nyeusi, na hapo hapo akaulizwa swali ambalo nimeshalisikia mara nyingi sana: nyeusi vipi wakati hamna mtu mweusi hata mmoja humo ndani? Sikuweza kujibu yote kwa kidole kwenye simu, na naona watu wengi wanachanganywa na hii kitu, wanaikataa kabla hawajaielewa, kwahiyo ngoja niandike kwa kirefu.

Tuanze na maneno yenyewe. Komedi ya kawaida unaijua, tumekulia kwenye vichekesho vya King Majuto, Mungu amrehemu, alikuwa anatokea tu kwenye skrini hajasema neno ushaanza kucheka. Humo mambo yanaharibika, mtu anadanganya, anakimbizwa, anaanguka, ila moyoni unajua hakuna atakayeumia kweli na mwisho yatakaa sawa. Tanzia ni upande wa pili, mambo yanaharibika na hayarudi, mtu anakufa, nyumba inavunjika, unatoka pale umenyamaza. Komedi nyeusi inachukua kitu cha tanzia, yaani kifo, ugonjwa, usaliti, moto, njaa, inakisimulia kwa mwendo wa komedi, na haikipunguzii uzito hata gramu moja. Hapo kwenye uzito ndo watu wanapopotea. Aliyekufa amekufa kweli. Damu ni damu. Ukicheka unacheka huku ukijua hilo, na ndo maana kicheko chake kinakwaruza koo.

Na hiyo nyeusi haihusiani na rangi ya ngozi ya mtu, tafadhali tuliweke hili sawa. Ni nyeusi kama tunavyosema siku nyeusi, ni habari ya giza. Mwandishi wa Ufaransa André Breton mwaka 1940 alitengeneza kitabu kilichokusanya maandishi ya aina hii akakiita kwa Kifaransa mkusanyo wa ucheshi mweusi, na jina likasambaa kutokea huko. Yeye mwenyewe alianza na Jonathan Swift, ambaye mwaka 1729 aliandika kijitabu akijifanya kushauri kwa utulivu kabisa, na hesabu zake za hela zimepangwa vizuri, kwamba maskini wa Ireland wawauze watoto wao wachanga waliwe na matajiri. Alikuwa hashauri hivyo. Alikuwa na hasira na wenye nchi waliokuwa wanaangalia watu wakifa njaa huku wakiendelea kupiga hesabu zao, akaamua awaige sauti mpaka wasikie wenyewe wanavyonuka. Kwahiyo kitu chenyewe ni cha zamani, sinema imekuja kukikuta.

Sasa chukua ukumbi wowote wa harusi hapa Tabora. Keki inasukumwa kuja mbele, gurudumu la meza linakwama kwenye waya wa spika, keki inaanguka, MC anatania, watu wanacheka, keki ya akiba inaletwa. Hiyo komedi. Ukumbi ule ule, babu wa bibi harusi yuko meza kuu, anashika kifua, anaanguka, muziki unazimwa, harusi inageuka msiba. Hiyo tanzia, hakuna wa kucheka hapo. Alafu fikiria hivi: babu amekata roho kimya kimya kwenye kiti chake, wajumbe wawili wa kamati wamegundua, wananong'onezana, wanaangalia saa, ukumbi umelipiwa mpaka saa sita usiku, zawadi hazijatolewa, michango ya watu imeingia pale, basi wanakubaliana wamfunike babu kitenge mpaka kifuani kama anasikia baridi na waendelee, na MC ambaye hajui chochote anatangaza kwenye maiki kwamba sasa ukoo wote upite mbele umpe babu mkono. Hiyo ndo komedi nyeusi. Babu hajachekwa, kifo chake hakijafanywa kidogo. Kinachochekesha na kutisha kwa pamoja ni wale wawili na saa yao, kwa sababu ukiwaangalia vizuri unawajua, umeshakaa nao kikao.

Mfano huo nimeutunga tu lakini unajibu swali kwanini hizi movie zinapenda sana sherehe. Sherehe ina ratiba, na ratiba ni kitu chenye nguvu kuliko tunavyodhani. Watu wamechanga, kuna kadi za singo na za dabo, kuna kamati ya chakula na ya mapambo, kuna sare, kuna gari limekodiwa kwa masaa. Wote wamevaa sura ya furaha na hakuna anayeweza kuondoka bila kuonekana. Ukimwaga ukweli mchungu katikati ya kitu kama hicho, watu wanabaki wameshika vitu viwili mkononi, ukweli na ratiba, na asilimia kubwa wanachagua ratiba. Ukweli huo huo ukimwagwa kwenye kikao cha familia nyumbani watu watalia, watagombana, mwisho watalala. Ukumbini kuna maiki, kuna video, kuna wakwe wanaangalia.

Nikuonyeshe movie moja ambayo kwangu mimi hakuna inayofundisha hili jambo vizuri kuliko yenyewe. Ni ya mwaka 1967, kutoka nchi iliyokuwa inaitwa Chekoslovakia, dairekta Miloš Forman, jina lake kwa Kicheki ni Hoří, má panenko. Kikosi cha zimamoto cha kujitolea kwenye mji mdogo kinaandaa dansi la usiku. Wameandaa bahati nasibu, meza imejaa zawadi za vyakula na vinywaji, kuna shindano la urembo, na katikati ya usiku watampa mwenyekiti wao mstaafu shoka dogo la heshima. Mzee ana miaka 86 na ana kansa, wanakamati wanajua, wanaamini mwenyewe hajui. Hilo unaambiwa mwanzoni kabisa, kwa hiyo unaingia kwenye sherehe tayari unajua wanasherehekea juu ya nini.

Basi zawadi zinaanza kupotea mezani moja moja. Hakuna jambazi, wanaoiba ni wageni wenyewe, majirani, watu wazima wenye heshima zao, na aliyewekwa kulinda meza anagundua mke wake naye kachukua. Shindano la urembo linavunjika kwa sababu mabinti wanaona aibu wanakimbilia chooni kujifungia. Katikati ya hayo king'ora kinalia, nyumba ya mzee mmoja inaungua, zimamoto wote wapo kwenye dansi, gari lao linakwama kwenye theluji, wanaishia kuchota theluji kwa makoleo kurushia moto. Mzee mwenye nyumba wamemkalisha kwenye kiti nje. Anasikia baridi. Wanamsogeza karibu na moto wa nyumba yake mwenyewe apate joto.

Mara ya kwanza nilipofika hapo nilicheka alafu nikasimamisha simu nikaangalia nje ya dirisha dakika kadhaa. Kiti kile kilinigusa sana. Kwa sababu wale watu hawana ubaya, ujue, wanamhurumia kweli, wanataka asitetemeke, na hiyo huruma yao ndo inayotia uchungu.

Wakirudi ukumbini wanaamua kumsaidia, wanachangisha, na kila mtu anatoa tiketi yake ya bahati nasibu anamrundikia mzee, tiketi za zawadi ambazo zimeshaibiwa. Mzee anasema yeye haitaji tiketi, anahitaji hela. Basi kamati inaamua kuzima taa ili walioiba warudishe vitu gizani bila kuonekana, taa zinawashwa, na anayekutwa pale mezani ni yule yule mlinzi, kabeba nyama ya kichwa cha nguruwe aliyokuwa anairudisha kwa niaba ya mke wake. Mtu mmoja tu aliyejaribu kuwa mwaminifu ndo kashikwa, na vitu vingine vilivyobaki vimeibiwa hapo hapo kwenye giza. Alafu wanakamati wanakaa kikao, wanazozana kuhusu heshima ya kikosi, na wapo wanaoona kosa kubwa lilikuwa ni kurudisha. Mwisho kabisa wanamkumbuka mwenyekiti mstaafu, ambaye kasubiri usiku kucha kwa adabu, ukumbi karibu mtupu, anapewa boksi lake, anatoa hotuba ya shukrani, anafungua, shoka halipo.

Angalia sasa kicheko kinaelekea wapi. Huwezi kunionyesha sehemu hata moja kwenye ile movie unapomcheka mzee aliyeunguliwa nyumba, na mzee wa kansa ndo mtu pekee mwenye heshima kamili pale. Unaicheka kamati. Hicho ndo kipimo ninachokitumia mimi kutofautisha komedi nyeusi na ukatili wa kawaida, maana siku hizi mtu anapost video ya mlemavu anaanguka au mtoto analia njaa, anaweka emoji za kucheka, ukimwambia anasema ni dark humour bro huelewi. Hapana. Kama kicheko kinamwangukia aliyeumia, na wenye nguvu wamesimama pembeni wasafi, huo ni uonevu umevalishwa jina. Komedi nyeusi inacheka kwa kuelekea juu, kwa wenye maiki, wenye vyeo, wenye ratiba, na inatucheka na sisi tuliokaa kimya mezani tukaendelea kula.

Na wenye maiki wanaelewa haraka kuliko mtu yeyote. Watu wa zimamoto wa ile nchi walikasirika, wakuu wa chama tawala wakaona wao ndo wamechorwa kama ile kamati, na majeshi ya Umoja wa Kisovieti na washirika wake yalipoivamia nchi Agosti 1968 movie ikaishia kupigwa marufuku. Forman akaenda Marekani na huko baadaye akashinda Oscar mbili za uongozaji.

Kuna kitu kingine kinachowachanganya watu, waigizaji wa humu hawachekeshi. Hakuna anayekunja sura, hakuna sauti ya kicheko imewekwa nyuma kukuambia hapa cheka. Kila mtu yuko siriasi na jambo lake. Mwanakamati anayezima taa anaamini kabisa amepata suluhisho. Ndo maana mtu aliyezoea vichekesho vya kwenye TV anaweza kukaa nusu saa anauliza hii komedi inaanza lini. Na zile movie za kutafsiriwa za kwenye mabanda zinaongeza tatizo kidogo, sio kwa ubaya, mtafsiri anataka watu wachangamke anaweka utani kila sehemu, lakini kwenye komedi nyeusi ule ukimya ndo wenyewe, ukiujaza maneno umeondoa nusu ya kitu.

Pia sio kila sherehe iliyoharibika kwenye movie ni komedi nyeusi. Kuna ya Denmark ya mwaka 1998, Festen, ya Thomas Vinterberg, ilipata tuzo ya majaji kwenye tamasha la sinema la Cannes mwaka huo huo. Baba tajiri anatimiza miaka 60, ukoo mzima umekusanyika, mtoto wake mkubwa anasimama kutoa hotuba na kwa sauti ya upole kabisa anasema baba yetu alitunajisi tulipokuwa wadogo, mimi na dada yangu pacha, na huyo dada ameshajiua. Anakaa. Na watu wanaendelea na chakula, msema chochote wao naye anaendelea na ratiba. Jikoni wafanyakazi wanaficha funguo za magari ya wageni ili hakuna wa kukimbia. Imepigwa kwa kamera ndogo ya video ya mkononi, hamna taa za sinema wala muziki wa kuongezea, inaonekana kama video ya harusi iliyopigwa na mjomba, na hiyo inaumiza zaidi kwa sababu unahisi na wewe umealikwa. Wapo wanaoiita komedi nyeusi kwa sababu kuna sehemu utacheka. Mimi siiti hivyo, kwangu hiyo ni tanzia ambayo imekaa kwenye meza ya sherehe, kicheko kinapita kama upepo na kinachobaki ni yule mtoto. Mpaka kati ya hizi mbili ni mwembamba na watu wenye akili zao wanabishana, sio dhambi kutofautiana.

Sasa hili la kusema ni mambo ya wazungu. Hapa ndo naomba mnisikilize hasa, kwa sababu sisi Wanyamwezi tuna utani, na utani wa msibani ni komedi nyeusi iliyokuwepo kabla hakuna aliyejua kamera. Utani wa makabila wengi wanauunganisha na zile safari za misafara ya kwenda pwani karne ya 19, wapagazi wetu wakitembea miezi mpaka Bagamoyo, wanapita nchi za watu, wanahitaji namna ya kuzoeana bila kuchomana mikuki. Na mtani ana haki yake msibani ambayo ndugu hana.

Babu yetu alipofariki, kijijini njia ya Sikonge, siku ya mazishi alikuja mtani wake. Akaingia ndani akatoka amevaa koti la babu, kofia ya babu, fimbo ya babu mkononi, akaanza kutembea kama babu, mguu wa kushoto ukiburuzika kidogo, na kile kikohozi chake cha mara mbili mbili. Akaenda mpaka kwa wapishi akaonja, akafoka, kumbe mnajua kupika hivi, mlikuwa mnasubiri nife? Akadai matobolwa yake, vile viazi vitamu vya kukausha, yaliyofichwa. Kaburini akashuka shimoni akalala, akasema hatoki mpaka alipwe, na watu wanarusha sarafu huku wanapangusa machozi. Bibi alikuwa hajatia kitu mdomoni siku mbili. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Kile kikohozi kilipotoka aliweka kiganja mdomoni akacheka, mabega yakatikisika, na kicheko hakijaisha kikageuka kilio kikubwa ambacho alikuwa hajakitoa toka mzee akate roho. Mama zangu wakamshika. Jioni ile alikula uji.

Hakuna aliyesema pale mtani amemdharau marehemu. Wote tulijua kifo kipo pale pale, kina uzito wake wote, na kicheko kiliingia kikafungua kitu. Na aliyetoa noti ya kumtoa yule mtani kaburini alikuwa ni shangazi, huyu huyu.

Ila mtani ana kiasi, na anajua muda, na hapo shangazi ana haki yake ya kutoka sebuleni. Hiyo movie ya Argentina hadithi yake ya kwanza inatokea kwenye ndege, abiria wanagundua mmoja mmoja kwamba wote wanamfahamu mtu fulani waliyemkosea zamani, na huyo mtu ndo yuko chumba cha rubani. Mwaka 2014 watu walicheka. Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani, aliiangusha ndege milimani Ufaransa kwa makusudi, watu 150 wakafa, na movie ilikuwa inatoka Uingereza wiki ile ile, baadhi ya majumba ya sinema yakaweka tahadhari kwa watazamaji. Movie haikubadilika hata sekunde moja, waliobadilika ni waliokaa kwenye viti. Kwahiyo ukiwa unaiweka sebuleni angalia nani amekaa, kama kuna aliyetoka kuachwa na mume juzi usimwekee harusi ya Romina ukamwambia ni vichekesho tu. Na wauza movie mngetusaidia sana mkitenga folda lake.

Juzi nilimkuta shangazi barazani na ungo, anachagua mchele, nikakaa nikamsimulia ile ya zimamoto toka mwanzo. Kwenye taa kuzimwa alicheka akasema hao wako kwenye kamati yetu ya kanisa. Niliporudi kwenye zile tiketi za mzee aliyeunguliwa nyumba vidole vikasimama.

"Sasa baba, huyo mzee alilala wapi?"

Nikamwambia kitanda chake kilikuwa kimeokolewa, kipo nje kwenye theluji pamoja na vyombo vingine, akakifuata akalale, akakuta wa zimamoto aliyeachwa kulinda mali ameshajifunika humo, basi akapanda naye akalala pembeni yake na theluji inadondoka.

Shangazi alicheka mpaka ungo ukatikisika, mchele kidogo ukamwagika kwenye mkeka. Alafu akasema "maskini wa Mungu", akaanza kuuokota punje punje.